Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Namna Wasomaji na Wasikilizaji wa Kawaida wa Afrika Mashariki Walivyopima Chambuzi Zinazopingana za Mgogoro wa Suez, 1956–1957

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa Oktoba 1956, mtu aliyekaa karibu na redio mjini Unguja, Mombasa au Dar es Salaam aliweza kupata maelezo mawili ya vita moja. Kwa mujibu wa maelezo ya London, Israel na Misri zilikuwa zimeanza kupigana, njia kuu ya meli ya dunia ilikuwa hatarini, na Uingereza pamoja na Ufaransa zililazimika kuingia kati ili kuwatenganisha wapiganaji. Kwa mujibu wa maelezo ya Cairo, hapakuwa na wapatanishi wowote. Palikuwa na nchi tatu zilizokula njama ya kuipokonya Misri mfereji ambao Rais Gamal Abdel Nasser aliutaifisha tarehe 26 Julai mwaka huohuo.

Maelezo hayo hayakutofautiana katika matukio. Pande zote mbili zilikubali kuwa Israel ilishambulia tarehe 29 Oktoba, kwamba onyo la London na Paris lilitolewa siku iliyofuata, na kwamba mabomu ya Uingereza yalianza kuanguka Misri tarehe 31 Oktoba. Tofauti ilikuwa katika uchambuzi: nani alitaka nini, nani alijua nini kabla, na vita ile ilikuwa ya namna gani. Mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kuzifikia nyaraka za siri za mawaziri. Hata hivyo alilazimika kuamua, kwa sababu dola iliyokuwa ikitoa maelezo ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikimtawala.

Insha hii inachunguza vipimo ambavyo wasomaji na wasikilizaji hao walikuwa navyo katika kuamua baina ya chambuzi zinazopingana. Hoja yake kuu ni kwamba mtazamo wa watawala, uliomwona msikilizaji Mwafrika kuwa chombo kitupu kinachojazwa na yeyote atakayewahi, haulingani na mazingira ya habari ya wakati ule. Msikilizaji alikuwa na mizani. Lakini mizani hiyo nayo ilikuwa na kasoro zake, na insha haikusudii kuzificha.

2.0 Mazingira ya Habari kabla ya Suez

Usomaji wa magazeti ya Kiswahili ulikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne ilipofika mwaka 1956. Katika Tanganyika, jarida la Mambo Leo lilianza kutolewa na Idara ya Elimu mwaka 1923. Lilichapisha habari za dunia, lakini pia lilifungua kurasa zake kwa barua na mashairi ya wasomaji, na hivyo kuwazoesha wengi kuona habari kama jambo linalojibiwa, si jambo la kupokewa tu. Erica Fiah alianzisha gazeti lake la Kwetu mjini Dar es Salaam mwaka 1937, na kwa mara ya kwanza wasomaji wa Tanganyika wakapata gazeti la Kiswahili la Mwafrika lililoweza kuisema serikali. Katika Kenya, gazeti la Baraza lilianza mwaka 1939 chini ya kampuni iliyotoa East African Standard.

Kenya ilikuwa na fundisho lake mahususi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku. Maelezo ya vita vya Mau Mau yaliyobaki katika chapa yalikuwa ya serikali na ya wale walioelekeana nayo. Msomaji wa Kenya, kwa hiyo, aliufikia mwaka 1956 akiwa na miaka minne ya kusoma upande mmoja wa vita ambavyo upande wake wa pili aliujua kwa macho au kwa masimulizi ya jamaa zake.

Unguja ilikuwa na hali nyingine. Huko magazeti yalikuwa mengi kwa kisiwa kidogo, lakini kila moja lilikuwa na nyumba yake. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, Mwongozi lilikuwa karibu na siasa za Hizbu, na Afrika Kwetu lilisema kwa niaba ya Jumuiya ya Waafrika. Mwaka 1954 wahariri wa Al-Falaq walitiwa hatiani kwa kosa la uchochezi, na jumuiya yao ikajitoa katika Baraza la Kutunga Sheria. Msomaji wa Unguja alijua kabla ya kufungua ukurasa gazeti analolisoma linamsemea nani. Ujuzi huo ni sehemu ya usomaji wenyewe.

Redio ilikuja kuongeza sauti nyingine. Matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo yalianza mwaka 1954, na miongoni mwa watangazaji wake alikuwa Ahmed Rashad Ali wa Unguja. Kwa mara ya kwanza sauti ya Kiswahili isiyokuwa chini ya gavana yeyote ilisikika katika pwani na bara, ikizungumzia Mau Mau na ukoloni kwa lugha ambayo hakuna kituo cha nchini kingeweza kuitumia. Redio zilikuwa ghali wakati huo, kabla ya transista kuenea. Watu walisikiliza kwa pamoja katika migahawa na mabarazani, na asiyekuwapo alihadithiwa na aliyekuwapo. Gazeti nalo lilisomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Kutokana na hali hiyo, habari ilifika ikiwa tayari imezungukwa na watu wa kuijadili. Upimaji wa habari ulikuwa kazi ya kundi kabla ya kuwa kazi ya mtu binafsi.

3.0 Vipimo vya Msikilizaji

3.1 Maslahi ya msemaji

Kipimo cha kwanza kimo katika methali inayojulikana pande zote za Uswahilini: mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii haisemi kuwa mwamba ngoma ni mwongo. Inasema kuwa ngozi ina upande inakovutwa, na mwenye busara huutazama mkono unaovuta. Kwa kipimo hicho, swali la kwanza juu ya uchambuzi wowote wa Suez lilikuwa moja: msemaji atapata nini akiaminiwa?

Jibu kwa upande wa London halikuhitaji nyaraka za siri. Serikali ya Uingereza ilikuwa na hisa nyingi katika kampuni ya mfereji iliyotaifishwa, na mafuta yaliyokwenda Ulaya yalipita humo. Kwa upande wa Cairo, jibu lilikuwa wazi vilevile: Nasser alitaka uongozi wa Waarabu na sauti katika Afrika. Kipimo hiki basi kilikata kuwili. Wiki ileile ambayo Cairo ililaani uvamizi wa nchi ndogo, vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest, tarehe 4 Novemba. Misri, iliyokuwa ikipata silaha kutoka kambi ya Kisovieti tangu makubaliano ya mwaka 1955, haikuwa na maslahi ya kuikemea Moscow kwa ukali uleule. Aliyeitumia methali kwa uadilifu angeona ngozi ikivutwa pande zote mbili.

Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba hakiamui. Kinaonyesha kwa nini kila mmoja angeweza kupindisha, bila kuonyesha ni nani aliyepindisha. Msikilizaji anayeishia hapa huangukia katika kusema kuwa wote ni waongo, na kauli hiyo, ingawa inasikika kama hekima, ni njia ya kuikwepa kazi ya kupima.

3.2 Mnyororo wa habari

Kipimo cha pili kilitoka katika elimu ya dini. Katika madrasa na darasa za pwani, mwanafunzi alifundishwa kwamba hadithi haipokewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake, bali kwa isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi: nani kapokea kwa nani, je, walikutana, je, ni wakweli katika mambo mengine? Aya ya sita ya Surat al-Hujurat inawaamrisha waumini kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika kabla ya kuichukulia hatua. Msikilizaji hakuhitaji kuwa mwanachuoni ili kuwa na mazoea hayo. Neno lenyewe la Kiswahili, habari, limetoka katika lugha hiyohiyo ya wapokezi na mapokezi.

Kipimo cha isnadi kiliwapa wasikilizaji njia ya kutofautisha anayesimulia alichokiona na anayesimulia anachokitaka. Pia kiliwaelekeza kwenye ushahidi wenye nguvu kuliko wote, yaani habari ambayo msemaji anaikiri dhidi ya nafsi yake. Katika jambo hili tukio la London lilikuwa na uzito wa pekee. Tarehe 4 Novemba 1956, Hugh Gaitskell, kiongozi wa upinzani, alitangaza kupitia BBC hotuba ya kuipinga vita ya waziri mkuu wake, licha ya shinikizo la serikali ya Anthony Eden dhidi ya shirika hilo. Kwa serikali ya Eden hilo lilikuwa pigo. Kwa sifa ya BBC lilikuwa hazina, kwani kituo kilichosikika kikipitisha maneno dhidi ya serikali yake kilipata haki ya kusikilizwa katika mambo mengine.

Kinyume chake kilitokea Cyprus. Kituo cha Kiarabu cha Sharq al-Adna, kilichokuwa kikifadhiliwa kwa siri na Uingereza, kilichukuliwa waziwazi na Waingereza na kugeuzwa kuwa Sauti ya Uingereza. Watangazaji wake Waarabu waligoma na kuondoka. Mnyororo ulikatika mbele ya masikio ya watu, na kituo kikapoteza wasikilizaji wake pamoja na watangazaji wake.

3.3 Ulinganifu wa maneno yenyewe

Kipimo cha tatu kilihitaji ramani tu. Onyo la tarehe 30 Oktoba liliwataka Waisraeli na Wamisri wote wawili wasogee maili 10 kutoka mferejini, na kuwapa saa 12 za kujibu. Likisomwa haraka, onyo hilo lina sura ya usawa. Likisomwa mbele ya ramani, sura hiyo inatoweka. Mfereji ulikuwa ndani ya ardhi ya Misri. Majeshi ya Israel yalikuwa bado mbali nao. Kwa hiyo mshambuliaji aliruhusiwa kusonga mbele hadi maili 10 kutoka mferejini, na mshambuliwa akatakiwa kurudi nyuma katika nchi yake mwenyewe. Aidha, nchi iliyopigwa mabomu baada ya muda kwisha ilikuwa ile iliyoshambuliwa kwanza.

Hapa ndipo mizani ilipoanza kuelemea upande mmoja kwa sababu isiyotegemea mapenzi. Uchambuzi wa Cairo uliweza kuyaeleza maneno ya London kuliko uchambuzi wa London wenyewe. Mpatanishi wa ugomvi wa majirani, jambo ambalo kila mtu mzima katika mtaa au kijiji amelishuhudia, hamtaki mwenye nyumba atoke nyumbani kwake ili aliyeivamia apate nafasi ya kukaa. Kama anafanya hivyo, si mpatanishi.

3.4 Tajriba na ushahidi wa taasisi

Kipimo cha nne kilikuwa kulinganisha habari ya mbali na jambo la karibu linalojulikana. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza. TANU, iliyoundwa Julai 1954, ilikuwa imemtuma Julius Nyerere mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955, na alirudi New York mbele ya Kamati ya Nne Desemba 1956. Kwa wafuasi wa chama hicho, Umoja wa Mataifa haukuwa jina la mbali. Ulikuwa mahakama ambayo kesi yao ilikuwa imefikishwa.

Tarehe 2 Novemba 1956 mahakama hiyohiyo, kupitia Baraza Kuu, ilipitisha azimio la kutaka mapigano yasimamishwe kwa kura 64 dhidi ya 5. Kura tano za kukataa zilikuwa za Uingereza, Ufaransa, Israel, Australia na New Zealand. Marekani, mshirika mkubwa wa Uingereza, ilikuwa upande wa wengi. Ushahidi huu haukutoka Cairo wala haukuhitaji kuiamini Cairo. Rafiki wa mtuhumiwa alikuwa amekataa kumtetea, na mwenye kuzoea mabaraza ya usuluhishi alijua uzito wa jambo hilo.

4.0 Hukumu ya Nyaraka

Swali la kihistoria ni kama vipimo hivyo viliongoza kwenye ukweli. Tarehe 20 Desemba 1956 Eden aliliambia Bunge la Uingereza kuwa serikali yake haikujua kabla kwamba Israel ingeishambulia Misri. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliondoka Port Said siku mbili baadaye, na Eden alijiuzulu tarehe 9 Januari 1957.

Ukweli ulikuja polepole. Mwaka 1967 Anthony Nutting, aliyekuwa waziri wa nchi katika Wizara ya Mambo ya Nje na aliyejiuzulu kwa sababu ya vita hivyo, alieleza katika kitabu chake jinsi njama ilivyofanywa. Baadaye ilithibitika kwamba wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israel walikutana Sèvres, nje ya Paris, kati ya tarehe 22 na 24 Oktoba 1956 na kutia saini hati iliyopanga shambulio la Israel, onyo la mataifa mawili na mashambulizi yaliyofuata. Eden aliagiza nakala ya Uingereza iteketezwe. Nakala ya Israel ilisalia.

Kwa hiyo, aliyehukumu Novemba 1956 kwamba onyo lile lilikuwa kisingizio alihukumu sawa, na alifanya hivyo miaka 11 kabla ya kitabu cha Nutting. Hakuwa ameona hati ya Sèvres. Alikuwa ameona maili 10, ramani na kura 64. Hili linapinga moja kwa moja dhana kwamba imani ya wasikilizaji katika maelezo ya Cairo ilikuwa matokeo ya propaganda peke yake. Mtu anaweza kuambiwa jambo la kweli na mwenye maslahi, na akaliamini kwa sababu nzuri.

Hata Uingereza yenyewe ilionyesha kwa vitendo kwamba ilitambua tatizo la kuaminika. Tarehe 2 Novemba 1956 ndege zake zilishambulia mitambo ya Redio Cairo huko Abu Zaabal. Baadaye ilichagua njia nyingine: mwaka 1957 BBC ilianzisha matangazo ya Kihausa, Kisomali na Kiswahili, haya ya mwisho yakianza tarehe 27 Juni. Bomu lililenga kuinyamazisha sauti moja. Matangazo mapya yalikuwa kukiri kwamba msikilizaji wa Kiswahili yupo, ana chaguo, na lazima ashawishiwe.

5.0 Mipaka ya Mizani

Haitoshi, hata hivyo, kuishia katika sifa. Cairo ilikuwa sahihi kuhusu chanzo cha vita lakini haikuwa sahihi kuhusu mwisho wake. Matangazo yake yaliyachora matukio ya Novemba 1956 kama ushindi wa silaha. Katika uwanja wa vita, Misri ilipoteza Sinai na Port Said. Kilichowarudisha nyuma wavamizi kilikuwa shinikizo la Marekani juu ya paundi ya Uingereza, msimamo wa Umoja wa Mataifa na vitisho vya Umoja wa Kisovieti. Ushindi wa Nasser ulikuwa wa kisiasa, na ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa ule uliotangazwa. Msikilizaji aliyechukua furushi zima la Cairo, kwa kuwa sehemu yake moja ilithibitika, alibeba kweli na uongo katika kanga moja.

Gharama ya kosa hilo ilionekana Juni 1967. Siku ya kwanza ya vita, tarehe 5, Sauti ya Waarabu kutoka Cairo ilitangaza kuangushwa kwa makumi ya ndege za Israel wakati jeshi la anga la Misri lilikuwa tayari limeteketezwa ardhini. Wale walioipa Cairo imani ya jumla kwa sababu ya mwaka 1956 waliumia zaidi kuliko wale ambao hawakuwahi kuiamini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini aliyemfuata hutembea umbali uleule.

Mpaka wa pili ni wa ndani. Methali ya mwamba ngoma inamhusu msikilizaji pia. Unguja, ambako siasa za vyama zilikuwa zikigawanyika kufuata jumuiya za asili, kupanda kwa Nasser hakukuweza kusikika sawa katika kila baraza. Chama cha Afro-Shirazi kilipoundwa Februari 1957, Hizbu ilikuwa tayari inatazama Cairo kama rafiki. Tangu hapo swali la ukweli wa habari kutoka Misri lilizidi kufungamana na swali la nani atatawala Unguja. Hukumu juu ya Suez ingeweza kutolewa kwa ramani. Hukumu zilizofuata zilizidi kutolewa kwa kutazama aliyekaa upande wa pili wa baraza. Mizani ilikuwa ileile, ila mkono uliokuwa ukiishika ulianza kutetemeka.

6.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kuwa wasomaji na wasikilizaji wa kawaida wa Afrika Mashariki waliufikia mgogoro wa Suez wakiwa na angalau vipimo vinne: maslahi ya msemaji, mnyororo wa habari, ulinganifu wa maneno na matukio, na tajriba iliyoungwa mkono na ushahidi wa asiyehusika. Hakuna hata kimoja kilichohitaji elimu ya chuo kikuu. Vyote vilikuwamo katika methali, darasa za dini, usuluhishi wa mitaani na mapambano ya kisiasa ya siku zile.

Katika vipimo hivyo, cha kwanza ndicho chepesi zaidi na ndicho dhaifu zaidi, kwani humwambia mtu nani wa kumshuku bila kumwambia nini cha kuamini. Cha tatu ndicho kilichozaa hukumu iliyodumu, kwa sababu kilipima dai kwa dai badala ya kumpima msemaji kwa msemaji. Aliyeihukumu London kwa maneno ya onyo lake mwenyewe alibaki sahihi nyaraka zilipofunguliwa. Aliyeihukumu kwa kuichukia alipata jibu lilelile mwaka 1956, lakini mwaka 1967 hakuwa na kinga.

Kwa utafiti wa historia ya mawasiliano, tofauti hiyo ina maana. Wasikilizaji wa zamani hawapaswi kuainishwa kwa kituo walichokiamini peke yake, kama maofisa wa kikoloni walivyowaainisha. Wanapaswa kuulizwa, kupitia barua zao, mashairi yao, kumbukumbu za mabaraza yao na vitendo vyao, waliamini kwa sababu gani. Watu wawili wanaweza kukaa mbele ya redio moja, wakafikia hukumu moja, na mmoja tu kati yao akawa amepima.